Msing'oe Nanga Aprili

Wanangu,

Habari ya safari yenu imenifikia, nami nimeifurahia. Mnataka kutoka Pate kwa mashua, mpite Mkanda, mshukie Lamu, mwingie mtoni Kipini mpaka mfereji wa Belezoni, kisha mfuate mwambao kwenda kusini: Malindi, Mombasa, Tanga, Unguja, Mafia, hadi Kilwa, na baadaye mrudi nyumbani. Hiyo ndiyo njia ya babu zenu. Kabla ya lami na kabla ya treni, watu wa miji hiyo walioana, walidaiana na walizikana kwa njia ya tanga. Kwa hiyo njia yenyewe sina neno nayo. Ujana wenu nao sina neno nao, kwa kuwa hakuna jahazi lililowahi kuvuka kwa nguvu za wazee peke yao. Neno langu ni moja, nalo ni la mwezi mliouchagua. Mmechagua Aprili kwa sababu shule zimefungwa na wenye kazi wamepata ruhusa. Nawaomba, na kama umri wangu unanipa haki ya kukataza basi nakataza: msing'oe nanga Aprili.

Sitaki mnitii kwa sababu nina mvi. Nataka mjue kwa nini, ili siku nisipokuwepo mjikataze wenyewe.

Msafiri wa pwani hii ana hesabu tatu za kufuata. Hesabu ya jua humpa upepo. Hesabu ya mwezi humpa maji kujaa na kupwa. Hesabu ya mvua za bara humpa mto. Likizo ni hesabu ya nne, na katika zote ni hiyo peke yake ambayo binadamu anaweza kuibadilisha. Nyinyi mmeanza na ya nne, kisha mkataka zile tatu ziifuate. Hapo ndipo shauri lilipopinda.

Tuanze na upepo. Miezi ya Desemba hadi Februari bara la Asia huwa baridi, na hewa yake nzito hutiririka kuja kwetu. Hiyo ndiyo kaskazi. Kuanzia Mei hadi Septemba bara lilelile hupata joto kali, hewa ikavutwa kurudi huko. Hiyo ndiyo kusi, na nguvu zake huzidi Juni hadi Agosti. Kaskazi hupeleka vyombo kusini, kusi huvirudisha. Kwa kupokezana huko watu wa Omani, wa Kuwait na wa India walikuja Lamu, Mombasa na Unguja mwaka baada ya mwaka na wakarudi makwao. Hawakuwa na ujasiri kuliko nyinyi. Walikuwa na subira ya kungoja zamu yao.

Wazee hawakuhesabu upepo kwa Rajabu wala Shaabani, kwa sababu mwaka wa mwezi mwandamo ni mfupi kwa siku 11 hivi, na Ramadhani huzunguka majira yote. Waliuhesabu kwa mwaka wa jua wenye siku 365, kuanzia Nairuzi, wakaugawa katika miongo ya siku kumi kumi. Makunduchi wangali wanausherehekea Mwaka Kogwa kila Julai, na wengi wenu mmekwenda kutazama. Tazameni tena kwa jicho jingine. Kwa hesabu hiyo, nahodha alipotaja mwongo, kila aliyekuwa bandarini alijua upepo gani unatarajiwa na chombo kipi hakifai kuwa majini.

Mkitaka kujua uzito wa jambo hili, angalieni safari ya Vasco da Gama. Tarehe 24 Aprili 1498 aliondoka Malindi akiwa na rubani aliyepewa na mfalme wa mji huo, mtu aliyejua kuwa kusi inaingia. Kabla mwezi haujatimia, tarehe 20 Mei, alikuwa ametia nanga karibu na Kalikuti, India. Wakati wa kurudi aliiacha pwani ya India mwanzoni mwa Oktoba, kaskazi ikiwa haijakaa. Bahari ilikuwa ileile, na merikebu zilezile. Alifika Malindi tarehe 7 Januari 1499, baada ya miezi mitatu ya upepo kufa na upepo kumpiga usoni. Watu wapatao 30 walikufa njiani kwa ugonjwa wa kukosa matunda na mboga, na waliobaki hawakutosha kuendesha merikebu zote. Ikabidi waichome moto moja, São Rafael, hapahapa kwenye pwani yetu. Wangengoja wiki chache tu, kaskazi ingewaleta.

Msiniambie kuwa yeye naye aliondoka Aprili. Alikuwa anakwenda India, na kusi ilimsukuma mgongoni. Nyinyi mnakwenda Kilwa. Upepo uliomfikisha yeye ndio utakaowazuia nyinyi.

Wala si upepo peke yake. Kando ya pwani ya Tanzania na Kenya upo mkondo wa bahari unaokwenda upande wa kaskazini mwaka mzima. Wakati wa kaskazi hupungua nguvu, na huku kwetu hukutana na maji yanayoshuka kutoka Somalia. Wakati wa kusi hupata nguvu, na mahali pengine hufikia maili 4 za bahari kwa saa. Mashua inayobisha, ikienda huku na kule ili kuushinda upepo wa mbele, haisogei kusini hata maili 3 kwa saa. Fanyeni hesabu wenyewe. Mtaiona nguzo ya Vasco da Gama pale Malindi asubuhi, mtaiona adhuhuri, na magharibi mtakuta bado iko mbele yenu, huku maji ya kunywa yamepungua na watu wamechoka. Kutoka Lamu hadi Kilwa ni zaidi ya maili 400 za bahari. Hiyo si njia ya kwenda mkipigana na upepo na maji kwa pamoja.

Aprili ina jambo baya kuliko hilo. Aprili ni tanga mbili: kaskazi imekufa, kusi haijakaa. Kipindi hicho ni kama nyumba ambayo mpangaji wa zamani ameshatoka na mpya hajaingia, na mwizi anajua. Asubuhi bahari hutulia kabisa, na kijana huona ndiyo siku yake. Mchana wingu jeusi huinuka upande wa bara au wa bahari, upepo hugeuka ghafla, na tanga lililokuwa likining'inia hujaa upande usiotarajiwa. Foromali huvuka na kumkumba mtu, au mlingoti hukatika. Kusi ya Julai humwonya mtu tangu alfajiri; akiisikia hubaki nyumbani. Utulivu wa Aprili humkaribisha, na hatari yake ni huko kukaribisha.

Upande wa kusini, mnakotaka kwenda, kuna vimbunga. Kwa kawaida vimbunga havikaribii ikweta, kwa kuwa hapo mzunguko wa dunia hauna nguvu ya kuufanya upepo mkubwa ujizungushe. Ndiyo maana sisi wa Lamu hatuvijui, na kutovijua kwetu ndiko kunakotudanganya. Unguja, Mafia, Kilwa na Lindi ziko ukingoni mwa eneo lake. Zisomeni tarehe zenyewe. Tarehe 15 Aprili 1872 kimbunga kiliipiga Unguja, kikaharibu vyombo bandarini, pamoja na merikebu za Sultani Barghash, na kuing'oa mikarafuu kwa wingi hata kilimo hicho kikahamia zaidi Pemba. Aprili 1952 kimbunga kiliipiga Lindi. Tarehe 25 Aprili 2019 kimbunga Kenneth kilitua Cabo Delgado, ng'ambo kidogo ya mto Ruvuma. Tarehe 4 Mei 2024 kimbunga Hidaya kilifika Mafia. Vyote hivyo vimekuja katika wiki zilezile ambazo nyinyi mmeziandika kwenye ratiba yenu kuwa wiki za Unguja, Mafia na Kilwa.

Hapo mtaniambia kwamba siku hizi kuna utabiri. Upo, na nawaomba muufuate kuliko mnavyonifuata mimi. Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania na Idara ya Hali ya Hewa Kenya hutoa taarifa za bahari, na mkisikia angalizo la upepo unaofikia kilomita 40 kwa saa na mawimbi yanayofikia mita 2, hapo kwa mashua yenu mjadala umekwisha. Wakati wa Hidaya watu walionywa mapema, na safari za boti kati ya Dar es Salaam na Unguja zilisitishwa. Lakini utabiri huwaambia hali ya siku chache zijazo. Safari ya wiki nyingi haipangwi kwa utabiri wa siku chache; hupangwa kwa msimu, kisha kila alfajiri utabiri huulizwa kama leo ni siku ya kutoka. Anayeuacha msimu na kutegemea utabiri pekee atajikuta katikati ya Ghuba ya Ungwana, taarifa mbaya ikiwa mkononi na hakuna bandari ya kukimbilia.

Sasa njooni kwenye hesabu ya mwezi. Mkanda mnaufahamu: njia nyembamba kati ya kisiwa cha Manda na bara, mikoko huku na huku. Chombo kikubwa hakipiti maji yakipwa. Wengi wenu mmepita humo mkiwa abiria, na abiria haulizi. Mwezi ukiandama na ukiwa mpevu ndizo siku za bamvua: maji hujaa sana na kupwa sana, na Unguja tofauti yake hukaribia mita 4. Mwezi ukiwa nusu ni maji mafu, na tofauti hiyo hushuka mpaka mita 1 hivi. Kila siku maji huchelewa dakika 50 hivi kuliko jana. Kwa pwani yetu bamvua hujaa mnamo saa kumi, ya alfajiri na ya alasiri, na kupwa kabla ya adhuhuri. Maji mafu hujaa katikati ya asubuhi. Basi bamvua inakupa kina lakini inakupa giza mbele yako, na maji mafu yanakupa mwanga lakini yanakunyima kina. Kazi ya nahodha ni kuchagua kati ya hayo mawili kwa kukijua chombo chake kinazama kiasi gani.

Shikeni na hili, kwa sababu wengi hulijua wakiwa wameshakwama. Msipite mahali pa kina kidogo maji yakiwa yamekwisha kujaa. Piteni yangali yanajaa, ili mkigusa fungu maji yajayo yawanyanyue. Na msipite siku ya kilele cha bamvua. Piteni siku mbili au tatu kabla yake. Aliyepwelewa kwenye kilele, kila maji yanayofuata ni madogo kuliko yaliyompandisha, na huenda akakaa hapo karibu wiki mbili mpaka bamvua nyingine ije kumtoa. Wiki mbili chombo kimelala ubavu, jua likikausha mbao na kalafati ikitoka kwenye nyufa.

Maji yanayotoka nayo yana adabu yake. Wimbi la kusi linapoingia lango la Lamu na maji yanatoka kwa kasi, viwili hivyo hupambana, na wimbi husimama wima na kuvunjika. Saa chache baadaye, maji yakigeuka kuingia, palepale hupitika. Mambo hayo huyaona mtu aliyekaa ufuoni Shela akitazama, na kutazama hakuna ada. Fanyeni hivyo mwezi mzima kabla ya kusafiri. Andikeni saa za maji, andikeni upepo, kisha linganisheni na mlichokiona.

Hesabu ya tatu ni ya mvua, na hii vijana wa visiwani mnaisahau zaidi kwa sababu mto si wetu. Mfereji wa Belezoni ulichimbwa karne ya 19, zama za masultani wa Witu, kuunganisha mto Tana na mto Ozi ili mazao ya bondeni yafike Kau na Kipini. Waliouchimba walitaka njia ya mitumbwi. Mafuriko yakaingia humo, yakaupanua mwaka baada ya mwaka, na mwishowe Tana yenyewe ikaacha mdomo wake wa zamani na kuufuata mfereji. Maji ya Mlima Kenya leo hutokea baharini Kipini. Mnapokwenda kuuangalia, kumbukeni kuwa binadamu aliuanza na mafuriko yakaumaliza, nayo yangali yana nguvu hiyo.

Mto ule haufuati mvua ya Kipini. Hufuata mvua ya Mlima Kenya na milima ya Nyandarua, na maji yake hufika chini siku nyingi baada ya kunyesha juu. Mnaweza kuwa mmesimama ufukweni kwenye jua kali huku mafuriko yako njiani yanakuja. Yako pia mabwawa ya juu, kama Masinga lililokamilika 1981 na Kiambere baada yake, ambayo huzuia maji na yakijaa hufurika. Kwa hiyo kabla ya kuingia Ozi, pigeni simu Garissa, pigeni simu Garsen, muulize mto una hali gani huko. Masika ya Aprili na Mei huko juu ndiyo makubwa. Mwishoni mwa Aprili 2024, mashua iliyobeba watu ilipinduka katika maji ya mafuriko kati ya Garissa na Madogo, na watu wakafa ilhali pale siku za kawaida hupita magari. Mto ukifurika huleta magogo chini ya maji, kingo humomonyoka, na viboko hutoka kwenye njia zao za kawaida wasijulikane walipo.

Ukame nao una shida yake. Februari na Machi mto hushuka, mafungu hutokeza, na maji ya chumvi hupanda juu hata usipate ya kunywa hapo ulipodhani umefika kwenye maji baridi. Wakati mwema ni baada ya vuli, mafuriko ya Novemba yakianza kushuka na mfereji ungali na kina: kuanzia katikati ya Desemba hadi Januari. Na hata hapo ulizeni kwanza, kwa maana iko miaka ambayo vuli haikatiki. Mwaka 1997 mvua za El Niño ziliendelea mpaka mwanzoni mwa 1998, na bonde lote la Tana likawa ziwa. Mwaka wa namna hiyo Belezoni iacheni, mpite nje.

Mdomoni Kipini piteni mchana, maji yakiwa yanajaa, na mkiwa na mwenyeji. Mchanga wa mto hujijenga hapo na kuhama, na njia ya mwaka jana si lazima iwe njia ya mwaka huu. Ramani ya simu haijui fungu lililozaliwa mwezi uliopita. Mvuvi wa Kipini anajua. Mlipeni haki yake na mmsikilize.

Sasa nazungumza na wale waliosema, na najua walisema, kwamba mzee huyu ni wa zama za tanga na sisi tuna mashine. Mashine ni neema, na laiti tungekuwa nayo sisi. Lakini haikufuta msimu. Ukisukuma mashua dhidi ya kusi, mafuta uliyoyapima kwa maji shwari huisha kabla ya nusu ya njia, na huko njiani si rahisi kununua mengine. Wimbi likiinua tezi, feni hutoka majini na mashine hulia bure. Maji yakiingia kwenye petroli, huzimika wakati unaouhitaji zaidi. Mashine huwawezesha kuingia mahali pasipofaa kuingiwa. Kuwatoa ni jambo jingine. Boti ya abiria MV Skagit ilikuwa na mashine kubwa kuliko zote mtakazowahi kushika. Tarehe 18 Julai 2012, kusi ikivuma, ilipinduka karibu na Chumbe ikitoka Dar es Salaam kwenda Unguja, na wengi wakapotea. Bebeni mashine, na bebeni tanga, na vyote viwili vitumieni kwenye msimu wake.

Wala ujuzi haumkingi mtu. Ali bin Nasir al-Najdi wa Kuwait alikuwa katika manahodha wakubwa wa zama zake. Msimu wa 1938 hadi 1939 alileta jahazi lake kutoka Ghuba mpaka Unguja na delta ya Rufiji, akashuka na kaskazi, akarudi na kusi akiwa amesheheni boriti, na mwandishi wa Australia, Alan Villiers, alisafiri naye na kuyaandika yote. Mtu huyo alizijua pwani za bahari mbili. Mwaka 1979, akiwa mtu mzima, alitoka kuvua karibu na kwao Kuwait, dhoruba ikamchukua. Nawakumbusha habari yake ili asiwepo kati yenu wa kusema, mimi nimezaliwa majini. Sote tulizaliwa majini.

Basi mfanyeje? Sikuja kuwavunja mioyo. Likizo za shule ni tatu: Aprili, Agosti, na ile ndefu ya mwisho wa mwaka. Mmechagua moja ambayo bahari imeikataa na mkaacha mbili zilizo wazi. Igaweni safari, isiwe ya mkupuo mmoja.

Septemba na Oktoba, kusi ikilegea na matlai ikianza, pandisheni chombo. Kikaguliwe mkuku, kitiwe kalafati, kipakwe deheni, matanga yashonwe. Fanyeni safari fupi za kujaribu hapahapa kati ya Pate, Manda na Lamu, ili kila mtu ajue kamba yake gizani. Desemba, kaskazi ikishaingia, tokeni Pate mpite Mkanda, mfike Lamu, mkaulize habari za mto. Mto ukikubali, ingieni Kipini na Belezoni. Kisha shukeni na upepo mgongoni: Malindi, Kilifi, Mombasa. Walimu na wanafunzi waishie hapo na warudi makazini na madarasani. Wavuvi na mafundi, ambao hawana kengele ya shule, waendelee Januari na mwanzo wa Februari: Wasini, Tanga, Unguja, Mafia, Kilwa. Kabla Februari haijaisha chombo kiwe kimefika mwisho wake wa kusini, popote utakapokuwa. Kama mwisho huo ni Unguja, basi ni Unguja. Kilwa imekaa pale karne nyingi. Ibn Battuta aliikuta 1331 na nyinyi mtaikuta mwakani.

Hapo pandisheni mashua nchi kavu, mmkabidhi mtu mwaminifu kwa maandishi na kwa malipo, mrudi nyumbani kwa basi. Masika ipite. Kusi kali ipite. Mwisho wa Agosti, demani ikiingia na upepo umepungua makali, rudini kuichukua. Sasa kusi ni rafiki yenu na mkondo pia ni rafiki yenu, na mtashangaa pwani inavyopita upesi. Wasiwasi wa kurudi ni huo upesi wenyewe. Hesabuni mapema ili mfike lango la Lamu mchana na maji yakiwa yanaingia. Mkichelewa, laleni Malindi, msijaribu usiku. Anayepitiliza Lamu kwa kusi hana njia rahisi ya kugeuka. Mbele yake ni Kiunga, kisha pwani ya Benadiri, ambayo miezi ya kusi bandari zake zilifungwa tangu zamani kwa sababu hakuna pa kujificha.

Mtaona kwamba katika shauri hili sehemu kubwa ni kungoja. Nawasihi msione kungoja kuwa ni muda uliopotea katikati ya safari. Katika safari ya bahari, kungoja ni kazi, nayo ni ngumu kuliko kubisha. Aliyengoja Mombasa siku sita upepo utulie hakukaa bure: alikagua kamba, aliongeza maji, alisikiliza waliotoka huko anakokwenda. Wenye haraka hawashindwi na bahari peke yake. Hushindwa na ile tarehe waliyoiahidi kwa watu. Ameshasema Ijumaa atakuwa Tanga, jamaa wameshapika, na kwa aibu ya kupiga simu kusema sitafika, anatoka. Kwa hiyo msiahidi tarehe. Ahidini msimu. Waambieni wazazi na wake zenu: tutafika Unguja ndani ya Januari, na tukichelewa tutapiga simu kutoka bandari ya nyuma.

Na kabla ya yote chagueni nahodha mmoja. Nahodha wengi, chombo huenda mrama. Mkishamchagua, mpeni haki moja mbele ya mashahidi: akisema leo hatutoki, hakuna wa kumuuliza mara mbili, hakuna wa kumcheka, wala hakuna wa kumkumbusha gharama. Haki hiyo ikipatikana nchi kavu itafanya kazi baharini. Isipopatikana nchi kavu, huko mbele atashawishiwa na mdomo wa mwenye haraka kuliko wote. Kila mtu awe na jaketi ya kuokolea maisha na aivae. Isiwe mto wa kulalia. Jina la kila aliyemo, njia mtakayopita na bandari za kukimbilia ziachwe kwa mtu wa nyumbani na kwa wasimamizi wa bandari.

Wanangu, chukueni ratiba yenu leo, futeni Aprili, mwandike Desemba kwa kwenda na mwisho wa Agosti kwa kurudi. Kisha mniletee tuipitie pamoja, mwezi kwa mwezi na bandari kwa bandari. Kuna mengi ya milango na mafungu ambayo hayakuandikwa popote, na napenda niwape nikiwa na pumzi. Mwenyezi Mungu awape upepo wa nyuma, awape subira ya kuungoja, na awarudishe nyote kwa mama zenu.